Mia Kamili, Wala si Mia na Moja

Je, wajua, msomaji, kwamba katika kazi ya kuhesabu noti lililo gumu si kuhesabu? Kuhesabu ni jambo jepesi, ambalo mtoto wa darasa la kwanza hulifahamu na chombo duni cha umeme hulitimiza bila ya taabu. Lililowashughulisha mafundi miaka mingi ni lile linalolitangulia, nalo ni kuitenga karatasi moja na mwenziwe ili kila moja ipite peke yake mbele ya kile kinachohesabu. Na lile linalolifuata, nalo ni kuisimamisha mashine mara ipitapo karatasi ya mia, ili bunda litakalofungwa liwe na mia kamili, wala lisiwe na tisini na tisa, wala mia na moja. Katika mambo hayo mawili ndimo ilimo hekima yote ya mashine hii, ambayo wengi huiona juu ya meza ya keshia wa benki na kuidhania kuwa ni feni ya kelele tu.

Napenda kuizungumzia pamoja na wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nazo ni Masisi na Walikale, kwa sababu huko fedha ni karatasi, na karatasi hiyo husafiri mbali. Masisi, yenye kilomita za mraba 4,734, ni nchi ya vilima na malisho, ya ng'ombe, maharagwe na jibini, na ya madini ya koltani yachimbwayo Rubaya. Walikale, yenye kilomita za mraba 23,475, ukubwa unaoikaribia Rwanda nzima, ni nchi ya msitu, ambamo kasiteriti, yaani jiwe litoalo bati, ilianza kuchimbwa kwa wingi katika kilima cha Bisie mnamo mwaka 2002. Katika miaka ile ya mwanzo wapagazi waliyabeba magunia ya kilo 50 mgongoni, wakapita msituni kwa safari ya siku mbili hata wakafika Njingala, na kutoka huko mzigo ukapelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami, zikaupakia na kuruka nao mpaka Goma, mji mkuu wa mkoa. Kila gunia lililotoka lilidai malipo yarejee kwa njia ile ile, kwa mchimbaji, kwa mpagazi, kwa mwenye shimo na kwa mama aliyewapikia, na hapakuwa na benki njiani.

Sasa na tufikiri malipo hayo yalikuwa na unene gani. Mpaka mwaka 2012, noti kubwa kabisa ya Kongo iliyokuwamo mikononi mwa watu ilikuwa ya faranga 500, ile yenye picha ya wachimbaji wa almasi, na dola moja ya Marekani ilipata takriban faranga 900. Mtu aliyetaka kulipa thamani ya dola 1,000 kwa fedha ya nchi yake alihitaji noti 1,800, na kwa kuwa noti mpya ina unene upatao sehemu moja ya kumi ya milimita, rundo lake likipangwa moja juu ya moja lilisimama sentimita 18. Nazo zikiwa kuukuu, zilizokunjika na kufura, lilizidi hapo sana. Ndiyo sababu biashara kubwa ya madini ilipenda dola, na faranga ikabaki kwa soko, kwa chumvi na sabuni, kwa nauli na kwa ujira wa kila siku, yaani kwa watu walio wengi. Mwaka 2012 zilitolewa noti za 1,000, 5,000, 10,000 na 20,000, lakini zile ndogo hazikuondoka: mwaka 2024, dola ilipokuwa karibu na faranga 2,800, dola 100 tu zikibadilishwa kwa noti za 500 zilikuwa karatasi 560.

Wala unene huu haukuzaliwa jana. Mwaka 1992 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku zile, ilichapa noti ya zaire 5,000,000. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya iliyokuwa sawa na zaire 3,000,000 za zamani. Na mwezi Juni 1998 ikaja faranga ya sasa, iliyokuwa sawa na zaire mpya 100,000. Mwenye kupenda hesabu atazidisha mwenyewe, ataona kwamba faranga moja ya siku ile ilimeza zaire za zamani bilioni 300. Watu waliopita katika mambo hayo walijifunza kuhesabu mabunda badala ya noti, kwa kuwa kuhesabu noti moja moja kulimaliza mchana. Na mtu ahesabuye mabunda humwamini kabisa yule aliyelifunga bunda.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza kuwa zito. Kutoka Goma mpaka Masisi mjini ni mwendo wa kilomita 80 hivi, kupitia Sake, juu ya barabara ambayo mvua huigeuza tope. Na Walikale ni mbali zaidi ya hapo. Bunda likifunguliwa mwisho wa safari likaonekana limepungua noti mbili, hakuna wa kurejea kulalamika, na mwenye kubeba na mwenye kupokea watatazamana kwa jicho la shaka, ingawa yamkini wote wawili ni waaminifu na kosa lilikuwa la kidole gumba cha mtu aliyechoka saa kumi ya jioni. Wenye kupeleka mishahara huijua taabu hii. Tangu mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya benki, na mahali pasipokuwa na benki shirika la Kanisa Katoliki, Caritas, lilipata kupewa kazi ya kuwapelekea walimu mishahara yao. Na mwalimu aliyetembea siku nzima kuja kupokea hastahili kupewa bunda pungufu, hata kwa noti moja.

Basi tuitazame mashine yenyewe inavyofanya. Noti huwekwa juu, katika sinia lililoinama kidogo, na chini yake huzunguka roda zilizovikwa mpira. Roda hizo huishika noti ya chini kabisa na kuivuta. Lakini noti hiyo imelaliwa na mwenziwe, nayo yapenda kumchukua aende naye, hasa zikiwa mbichi kwa jasho au zimeshikamana kwa mafuta ya mikono. Mbele yao, kwa hiyo, imewekwa roda nyingine isiyozunguka, au izungukayo kinyume, na baina ya hizo mbili pana mwanya usiozidi sana unene wa noti moja. Siri ya mahali hapa ni misuguano mitatu iliyopangwa kwa daraja: msuguano wa mpira unaovuta na karatasi ni mkubwa kuliko yote, msuguano wa roda inayozuia na karatasi ni wa kati, na msuguano wa karatasi na karatasi ni mdogo kuliko yote. Zikija noti mbili pamoja, ya chini hutii mpira unaovuta, ya juu hutii roda inayozuia, nazo huteleza na kuachana, kwa kuwa kile kinachoziunganisha ndicho dhaifu kuliko vyote. Hakuna kisu wala kidole kinachozitenga, na kwangu mimi hili ni miongoni mwa mawazo mazuri kabisa yaliyopata kutiwa katika mashine ndogo.

Noti ikishatengwa hupokewa na roda nyingine zinazokwenda kwa kasi zaidi, ambazo huinyakua na kuitanguliza, ukazaliwa mwanya baina yake na inayofuata. Katika mwanya huo hupita nuru. Upande mmoja pana taa ndogo, upande wa pili jicho la umeme, na noti ipitapo hukata nuru, na ikishapita nuru hurudi, na kila ikatwapo tarakimu huongezeka moja. Mashine za kawaida za mezani hupitisha noti 1,000 kwa dakika, nyingine hata zaidi, maana yake kila noti haipewi ila sehemu 60 za elfu za sekunde. Na katika muda huo mfupi jicho halitazami tu kama nuru imekatwa, bali hupima pia imekatwa kwa kiasi gani na kwa muda gani. Giza likizidi, mashine huhukumu kwamba zimepita mbili zilizolaliana. Likidumu kupita kiasi, huhukumu kwamba zimefuatana bila mwanya. Na jicho la kulia likiona kabla ya la kushoto, hujua kwamba noti imekwenda upande, au imechanika ikabaki nusu. Hapo husimama na kumwita mtu.

Baada ya jicho inakuja kazi ya kupanga, kwani noti itupwayo kwa kasi ile ingeruka chumbani. Huipokea gurudumu lenye mabawa membamba yaliyopinda kama majani ya mnanasi, kila noti ikaingia katika nafasi baina ya bawa na bawa, mwendo wake ukafishwa humo, kisha gurudumu linapozunguka polepole huishusha juu ya rundo na kuigonga kwa upole kwenye ubao wa kikomo, ili kingo zote zilingane. Na idadi iliyowekwa, aghalabu mia, ikifika, roda inayovuta lazima isimame kabla ya noti ya mia na moja kuushika mwanya. Kitu kiendacho kwa kasi hakisimami kwa kuamriwa. Kwa sababu hiyo mashine hupewa breki ya umeme, na nyingine hupunguza mwendo zifikapo karibu na ukomo, ili ile ya mwisho iingie kwa adabu. Mtu huondoa rundo, huzungushia ukanda wa karatasi, hupiga mhuri na kutia sahihi, na mashine huanza tena yenyewe ionapo sinia la chini li tupu.

Ziko za jamaa nyingine, zinazofanya kazi kwa kufyonza hewa, kama zile za nyumba ya Vacuumatic ya Harwich, Uingereza: hizo hukipekua kipembe cha kila karatasi bila kulifungua bunda, na viwanda vya kupiga chapa huzitumia hata kwa karatasi tupu. Ama mashine za kuhesabu noti kwa jumla, asili yake ni Marekani, mjini Washington, katika miaka ya 1920.

Lakini mashine hii ilibuniwa kwa noti iliyo kavu, iliyonyooka na safi, na noti ya Masisi haiko hivyo. Imelala katika soksi ya mchimbaji, imelowa mvua ya milimani, imekunjwa mara nne katika fundo la kitenge, imegandishwa kwa utepe wa plastiki. Noti iliyolegea haina ukakamavu wa kusukumwa katika mwanya. Iliyochafuka huzuia nuru zaidi ya ile safi, na jicho likaihesabu kuwa mbili. Yenye utepe huushika mpira ikakwama. Fundi hulegeza skrubu ya mwanya ili noti nene zipite, na kila alegezapo hukaribisha hatari ya mbili kupita pamoja. Akikaza, mashine husimama kila mara. Vumbi nalo huganda juu ya taa na jicho, na mpira ukijaa uchafu hung'aa na kupoteza ushikaji, na ile daraja ya misuguano mitatu ikavurugika. Keshia mwema husafisha kwa brashi kila asubuhi, na noti mbovu huzitoa kwa mkono kwanza, akazihesabu kando.

Dawa ya kweli ya noti chakavu ni kuipeleka benki kuu, ikaharibiwe na mpya itolewe mahali pake, na mzunguko huo ulikatika. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na benki zikafungwa. Mwezi Machi wakafika hata Walikale mjini, kabla ya kuondoka mapema Aprili, na kampuni ya Alphamin ikasimamisha kwa muda kazi ya mgodi wake wa bati wa Bisie. Noti mpya hazikuja tena. Zile zilizokuwapo zilizidi kupita mkono kwa mkono mpaka zikachakaa, na wenye maduka wakaanza kuzikataa. Mwezi Aprili waasi walilifungua tena tawi la CADECO, benki ya akiba ya serikali, mjini Goma, lakini kulifungua dirisha si kuleta karatasi. Nasikitika kwa hili kuliko niwezavyo kueleza, kwa kuwa mzigo wake humwangukia muuza maharagwe, ambaye noti yake iliyochanika ni chakula cha jioni.

Mtu atasema kwamba simu zimekuja, na ni kweli: Airtel Money, M-Pesa na Orange Money zimeingia hata vijijini. Lakini wakala wa simu huko Masisi au Walikale, mteja atakapo kutoa fedha yake, lazima amtolee noti mkononi, na noti hizo lazima mtu azilete kutoka mjini zikiwa zimehesabiwa. Mashine ya mezani haitaki umeme mwingi, wati 60 au 80 zatosha, kiasi ambacho mabamba machache ya jua na betri huweza kutoa. Na pasipokuwa na mashine, mabunda hufunguliwa juu ya meza mbele ya watu wawili, mmoja akahesabu kwa sauti, wa pili akahesabu kimya, kisha wakabadilishana.