Dawa za kichefuchefu: maandishi ya boksi yanaweza kujenga soko au kulivunja

MOKAMBO, Haut-Katanga – Ng'ambo ya mpaka huu, upande wa Mufulira nchini Zambia, lugha rasmi ni Kiingereza. Upande wa Kongo ni Kifaransa. Mgonjwa wa saratani anayesubiri dawa Lubumbashi mara nyingi anazungumza Kiswahili. Boksi likivuka na maelezo asiyoyasoma, anayameza maonyo bila kuyajua.

Kwa anayepata tiba ya kemikali, kutapika kunaweza kumfanya akate tamaa na kuacha matibabu njiani. Ndiyo maana kampuni zinashindania dawa mpya za kukuzuia. Lakini idhini pekee haihakikishi soko.

Mfano ni rolapitant, iliyouzwa kwa jina la Varubi. Marekani iliidhinisha vidonge vyake mwaka 2015, kisha dawa ya mshipani Oktoba 2017. Ilizuia kichefuchefu kinachoanza siku moja au zaidi baada ya tiba, kwa dozi moja tu, pamoja na dawa nyingine. Matumaini ya biashara yalikuwa makubwa.

Januari 2018 maelezo yake yalibadilishwa. Baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali wa kuhatarisha maisha, wengi wao dakika chache baada ya dripu kuanza. Wenye mzio wa mafuta ya soya, yaliyomo ndani ya dawa hiyo, walikatazwa kuitumia. Mwaka huohuo kampuni ya Tesaro ilisimamisha usambazaji wa dawa ya mshipani.

Dawa kongwe nazo hazikusalimika. Ondansetron, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Viwanda vingi huitengeneza, hivyo bei yake imeshuka. Hata hivyo, mwaka 2012 dozi moja ya mshipani ya miligramu 32 iliondolewa Marekani kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kikomo kikawa miligramu 16 kwa mara moja.

Nchini Kongo, idhini ya kuuza dawa hutolewa kupitia mamlaka ya udhibiti, ACOREP. Dawa mpya ikiingia kwa bei ya juu, itashindana na ondansetron katika familia zinazolipa matibabu kutoka mfukoni.

Kabla ya kununua, mgonjwa amwombe mfamasia amsomee kwa Kiswahili kipimo, tarehe ya mwisho na maonyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au mzio aseme mapema, kabla dripu haijafungwa.