Akina Mama wa Ukambani: Kutoka Mwethya Hadi Bunge

Ndugu wanakikundi, wengine husema haki za akina mama zililetwa kutoka Beijing. Hapana. Hapa Kitui na Makueni akina mama walichimba matuta kwa mwethya miaka mingi kabla. Nguvu walikuwa nayo, lakini kwenye maamuzi hawakuitwa. Tuangalie hatua chache za miaka ya 1990, wakati dunia nzima ilikuwa inabadilika.

1992: Vyama vingi viliporudi, wanawake 6 tu walichaguliwa katika viti 188 vya Bunge. Watatu walitoka kwetu: Nyiva Mwendwa (Kitui Magharibi), Charity Ngilu (Kitui ya Kati) na Agnes Ndetei (Kibwezi).

1995: Nyiva Mwendwa akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili Kenya. Mwaka huohuo aliongoza ujumbe wa Kenya Beijing.

1997: Charity Ngilu na Wangari Maathai waligombea urais. Hawakushinda, lakini mlango ulifunguka. Mwaka 2017 Ngilu alichaguliwa gavana wa Kitui.

Sasa mtauliza, hayo yananisaidia nini mimi ninayelima shamba lenye jina la marehemu? Swali zuri. Sheria ya Urithi ilianza kutumika 1 Julai 1981, na haibagui mtoto wa kike na wa kiume. Katiba ya 2010 nayo inakataa ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Basi kwa nini mjane bado anafukuzwa? Kwa sababu mara nyingi mambo huishia kwenye kikao cha ukoo, na hati haibadilishwi.

Fanyeni hivi:
1. Chukueni cheti cha kifo mapema.
2. Chifu anapoandika barua ya kutaja warithi, hakikisheni mjane na watoto wote wamo, hata mabinti walioolewa. Jina likiachwa hapo, kulirudisha ni kazi ngumu.
3. Pelekeni ombi mahakamani, kisha hati ibadilishwe. Mjane asiende peke yake. Kikundi kimsindikize.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadili:
- Katika kikundi chetu, mashamba mangapi bado yana jina la marehemu?
- Wanaume wa kikundi watasaidia vipi dada zao wasiachwe nje?