Alfred Nakache, Mwogeleaji wa Constantine

Twapenda kuwasimulia watoto wetu habari za mabingwa wa michezo. Hii hapa ni habari ya bingwa aliyenyang'anywa kila kitu, naye hakukubali kunyang'anywa utu wake.

Alfred Nakache alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Constantine, nchini Algeria, katika jamaa ya Kiyahudi.

Mtoto mwoga wa maji

Alipokuwa mdogo, Alfred aliyaogopa maji. Lakini katika bwawa la kuogelea la mji wake woga ulimtoka kidogo kidogo, hata akawapita wenzake wote. Mwaka 1933 alivuka bahari kwenda Paris, kusoma na kufanya mazoezi. Baadaye akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo, akamwoa Paule, binti wa Constantine.

Mwaka 1936 yakafanyika mashindano ya Olimpiki mjini Berlin. Hitler alitaka kuwaonyesha watu wote kwamba taifa lake lapita mataifa mengine. Nakache aliogelea pamoja na Wafaransa watatu, wakipokezana, kila mmoja mita 200. Walishika nafasi ya 4. Wajerumani wakafika nyuma yao.

Sheria mbaya

Mwaka 1940 Ufaransa ilishindwa vitani. Serikali ya Vichy ikatunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Wale wa Algeria wakanyang'anywa uraia wao, na Nakache akakatazwa kufundisha. Akahamia Toulouse, na waogeleaji wa mji huo wakampokea kama ndugu.

Tarehe 6 Julai 1941, mjini Marseille, aliogelea mita 200 kwa mtindo wa chura katika dakika 2, sekunde 36 na sehemu 8 za kumi. Hapakuwa na mtu duniani aliyepata kwenda mbio hivyo. Alitupa mikono yote miwili mbele, juu ya maji, kama mabawa ya kipepeo, jambo ambalo sheria za wakati ule ziliruhusu. Tangu mwaka 1952 namna hiyo imekuwa mtindo wa peke yake.

Lakini chuki ilizidi. Mwezi wa Agosti 1942, Askofu Mkuu wa Toulouse, Jules-Géraud Saliège, aliandika barua isomwe katika makanisa ya jimbo lake. Alikumbusha kwamba Wayahudi ni watu, tena ni ndugu zetu, wala si halali kuwatendea ovyo. Wakuu wa serikali walijaribu kuizuia barua hiyo, lakini mapadre wengi waliisoma.

Mwaka 1943 Nakache akakatazwa kushiriki mashindano ya ubingwa wa Ufaransa, yaliyofanyika papo hapo Toulouse. Ndipo waogeleaji wenzake wakakataa kuingia majini bila yeye. Vijana hao walipoteza nafasi ya ushindi waliyoifanyia mazoezi mwaka mzima. Wahenga walisema kweli: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Katika kambi ya mauti

Mwishoni mwa mwaka huo Nakache akakamatwa, pamoja na Paule na binti yao Annie, mwenye umri wa miaka miwili. Mwezi wa Januari 1944 walipelekwa Auschwitz. Huko wakatenganishwa, mke na mtoto wakauawa. Yeye aliachwa hai afanye kazi.

Walinzi walijua yeye ni nani. Kwa kumdhihaki, walitupa kisu ndani ya tangi la maji machafu, wakamwamuru azame akakilete kwa meno. Lakini penye nafasi, kwa siri, yeye na kijana mfungwa mwenzake waliingia katika tangi lile lile wakaogelea kwa hiari yao. Kama wangalionekana, wangaliweza kuuawa. Maji aliyoyaogopa utotoni yakawa mahali ambapo, kwa dakika chache, hakuwa mtumwa wa mtu.

Kurudi

Mwezi wa Aprili 1945 aliokolewa katika kambi ya Buchenwald, amebaki mifupa mitupu. Akarudi Toulouse, akawangojea mkewe na mtoto, wasirudi. Rafiki zake wakamsihi arudi bwawani. Mwaka 1946 alikuwa tena bingwa wa Ufaransa, na mwaka 1948 akashiriki Olimpiki ya London. Alifariki tarehe 4 Agosti 1983 huko Cerbère, akiwa anaogelea baharini. Bwawa kubwa la Toulouse lina jina lake.

Enyi wazazi, kuogelea kwa mbio ni kipaji cha wachache. Lakini vijana wale wa Toulouse walitenda jambo ambalo kila mtoto aweza kufundishwa nyumbani: kukataa kushangilia mahali ambapo ndugu yake amefungiwa mlango, kwa ajili ya dini yake au kabila lake. Tuwafundishe hilo mapema, kabla siku ya kujaribiwa haijafika.