Mlinzi asiye na mshahara: Vijana wa Nakivale na kazi ya kufundisha mbwa

NAKIVALE, Uganda – Lori la mahindi likifika Base Camp kabla ya jua kuchomoza, wa kwanza kulipokea mara nyingi si kuli wala dalali. Ni mbwa. Watatu au wanne hutoka chini ya vibanda, hubweka matairi, hubweka utingo, kisha hubweka hata mwenye duka wanayelala mlangoni pake. Shehena ikishushwa hurudi kulala. Wamelinda nini, na dhidi ya nani? Hakuna ajuaye.

Mfanyabiashara anayesafirisha maharage, vitenge au samaki wakavu kati ya Mbarara na makazi haya ya wakimbizi anawajua mbwa hao kama anavyoyajua mashimo ya barabarani. Anawapita kwa tahadhari na kuwasahau. Lakini mwenye stoo iliyojaa magunia hamsini usiku hawezi kuwasahau. Mlinzi hulipwa kila mwezi, na akilala, mali inaondoka. Mbwa halipwi. Tatizo ni kwamba mbwa asiyefundishwa humbwekea mteja na mwizi kwa sauti ile ile, na siku akiuma, anayeumwa kwa kawaida ni mtoto wa jirani.

Nakivale imo wilayani Isingiro, kusini mwa mji wa Mbarara, kando ya ziwa linaloyapa makazi jina. Ilianza rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo ina Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri, na ndiyo maana masoko ya huko yana uhai kuliko ya miji mingi midogo. Vijana ndio walio wengi, na kazi ni chache. Anayetaka kijana apate ujuzi wa kuuza ana orodha iliyozoeleka: ushonaji, saluni, kutengeneza simu, boda boda. Kufundisha mbwa hakumo katika orodha hiyo, ingawa kunahitaji mtaji mdogo kuliko cherehani.

Mchezo ulioanza kama kipumziko

Ulaya na Amerika kuna kambi za likizo ambako watoto na vijana hupeleka mbwa wao kujifunza mbio za vikwazo. Mchezo wenyewe si wa kale. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, kwa kuwa waandaaji walihitaji kitu cha kuwachangamsha watazamaji kati ya shindano moja na jingine. Mmoja wao, John Varley, alishirikiana na mkufunzi Peter Meanwell wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka vizuizi. Watazamaji wakapenda kuliko maonyesho yenyewe. Kufikia mwaka 1996 mchezo ulikuwa na ubingwa wa dunia, na vijana walio chini ya miaka 18 sasa wana mashindano yao ya kimataifa.

Mbwa huruka vizuizi, hupita ndani ya handaki la turubai, hupanda mbao zilizoinama, huvuka bembea ya ubao na hujipenyeza kwa kupindapinda kati ya vijiti 12 vilivyosimamishwa sentimita 60 kutoka kimoja hadi kingine. Kijana hukimbia pembeni yake. Haruhusiwi kumgusa mbwa, kumfunga kamba wala kushika chakula mkononi. Ana sauti yake, mikono yake na namna anavyogeuza mabega, basi. Akichelewa kugeuka, mbwa anaingia kizuizi kisicho chake, na kosa linahesabiwa kuwa la wote wawili.

Hapo ndipo mwenye stoo anapaswa kusikiliza. Mbwa wa mbio za vikwazo hafundishwi kuuma. Anafundishwa kumtazama mtu mmoja katikati ya kelele, kusimama akiambiwa, kuja akiitwa na kuacha kitu akiamriwa. Mbwa wa dukani anakosa mambo hayo hayo. Wengi hudhani mbwa mkali ndiye mlinzi bora, kwa hiyo humfunga mnyororo mfupi tangu akiwa mdogo na kumnyima chakula ili awe na hasira. Anachopata mwenye mali ni mnyama mwoga, na mbwa mwoga huuma bila kuchagua. Mlinzi mzuri hubweka akisikia mgeni, kisha hunyamaza bwana wake akisema imetosha.

Vifaa vyote vya mazoezi vinapatikana kati ya soko la Mbarara na mafundi wa Nakivale wenyewe. Miti myembamba ya mkalitusi inatosha kwa vizuizi na vijiti. Tairi kuukuu la lori likining'inizwa huwa duara la kurukia. Magunia ya mahindi yakishonwa pamoja juu ya pete za waya huwa handaki. Ubao mpana juu ya gogo ni bembea. La kuzingatia ni kwamba ubao lazima uparuzwe au upakwe mchanga juu ya rangi ili mbwa asiteleze, na kizuizi kisigongomelewe misumari, bali kijiti kianguke kikiguswa. Mbwa mchanga asirukishwe juu: mifupa yake bado inakua, na kanuni za kimataifa hazimruhusu kushindana kabla hajatimiza miezi 18. Hadi hapo anafundishwa kukaa, kuja na kufuata.

Walichofanya Gulu

Anayedhani mambo haya ni ya Wazungu tu atazame kaskazini mwa Uganda hiyo hiyo. Mjini Gulu kuna mradi unaowaunganisha manusura wa vita vya LRA na mbwa waliookotwa mitaani. Aliyeuanzisha, Francis Okello Oloya, alipofuka akiwa na miaka 12 baada ya bomu lililosahaulika ardhini kulipuka alipokuwa akilima shambani kwao. Akiwa shule ya bweni alipata shida kwenda msalani usiku, na aliona aibu kuwaamsha wenzake kila mara. Mbwa wa pale shuleni wakazoea kumsindikiza.

Kutokana na hilo ulizaliwa mpango chini ya shirika la The BIG FIX Uganda. Mbwa hupewa chanjo na kufungwa uzazi, kisha hukabidhiwa mtu aliyebeba majeraha ya vita moyoni. Wawili hao huhudhuria mafunzo kwa miezi, hupimwa, na wakifaulu huhitimu pamoja. Baadhi ya wahitimu huenda kuwafundisha wengine.

Nakivale nayo imejaa watu waliotoka vitani: mashariki mwa Kongo, Burundi, Somalia. Kijana aliyekimbia akiwa na miaka minane halali vizuri usiku. Mbwa hatamwondolea hilo, lakini atampa sababu ya kuamka saa kumi na mbili na mtu wa kumsubiri. Pengine haifai kulizidisha jambo hili. Gulu walikuwa na madaktari wa mifugo na washauri waliokaa nao miaka mingi. Mbwa peke yake si tiba.

Mbwa wa bandarini

Kuna mbwa wengine ambao msomaji wa gazeti hili huenda ameshakutana nao bila kujua walikotoka. Usa River, karibu na Arusha, kuna kituo cha mafunzo cha mpango wa mbwa wa uhifadhi ulioanzishwa na African Wildlife Foundation mwaka 2014. Askari wa wanyamapori kutoka nchi mbalimbali hupelekwa pale kuoanishwa na mbwa wa kunusa pembe za ndovu, magamba ya kakakuona na nyara nyingine. Mbwa hao wamefanya kazi bandari ya Mombasa, Dar es Salaam na uwanja wa Entebbe. Polisi ya Uganda nayo ina kikosi chake cha mbwa, na wizi ukitokea vijijini wananchi huwa wa kwanza kudai mbwa aletwe kufuata nyayo.

Hawa ni mbwa wa gharama, wengi wao mbegu za kigeni, na kijana wa Nakivale hawezi kuanza nao. Ila somo lao la kwanza halitofautiani na la kijiji: kabla ya kufundishwa kunusa chochote, mbwa na mwongozaji lazima waelewane. Askari asiyeelewana na mbwa wake hata harufu ya tani moja ya pembe itampita.

Amri kwa lugha gani?

Mrundi na Mnyarwanda husema imbwa, Mnyankole husema embwa, Mkongomani wa Bukavu husema mbwa kama jirani yake wa Kigoma. Msomali ana neno lake, eey. Mbwa mwenyewe hajali. Anachoshika ni sauti fupi inayotamkwa vile vile kila mara. Nyumba ambayo baba anasema "kaa", mama anasema "icara" na mtoto anapiga tu mluzi inamchanganya mbwa kuliko inavyodhani.

Ndiyo maana kwa vijana wa makazi yenye lugha nyingi Kiswahili kinafaa kwa sababu ya urahisi kuliko ya siasa. Kaa. Njoo. Ruka. Pita. Acha. Lala. Kila amri ina silabi moja au mbili, na zinatofautiana vya kutosha masikioni. Mbwa aliyefundishwa hivyo anaweza kuuzwa kwa mwenye duka Mbarara, Karagwe au Goma, na mnunuzi akajua kumwongoza siku hiyo hiyo.

Wasomali wengi hukaa mbali na mbwa, na wana sababu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani na Somalia, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini fiqhi hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda, na Surat al-Maida inataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Kijana anayetaka kumuuzia Mwislamu huduma ya ulinzi ajue hili mapema: mbwa akae nje, mbali na vyombo na mahali pa swala, na ajue kutomrukia mtu kwa furaha. Mbwa asiye na adabu hiyo amepoteza nusu ya wateja wa Base Camp.

Chanjo kwanza

Kambi yoyote inayokusanya mbwa na watoto bila chanjo ni hatari kuliko kutokuwa na kambi. Kichaa cha mbwa kinaua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Zinaweza kuchukua wiki au miezi kuonekana, na hapo ndipo wengi hudanganyika: kidonda kimepona, mtoto anacheza, kumbe virusi viko njiani kuelekea ubongoni.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Siyo kesho soko likifungwa. Kwa upande wa mbwa, wataalamu husema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Kisiwa cha Pemba kilifanikiwa kuutokomeza kwa njia hiyo.

Kadi ya chanjo pia ndiyo pasipoti ya biashara. Anayevusha mbwa Mutukula, Mirama Hills au Kikagati anahitaji cheti cha chanjo ya kichaa, ambayo kwa kawaida iwe imetolewa angalau siku 30 kabla ya safari na isiwe imepitisha mwaka, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha kuingiza kutoka nchi anakokwenda. Wafanyabiashara wa ng'ombe wa Isingiro hawahitaji kuelezwa maana ya karatasi hizo. Wamefungiwa masoko mara nyingi mno kwa karantini ya ugonjwa wa midomo na miguu. Mbwa anayevushwa porini usiku akikamatwa huweza kuuawa, na hasara ni ya mwenyewe.

Kijana mwenye mbwa mmoja aliyechanjwa, kamba, filimbi na kiwanja kitupu anaweza kuanza wiki hii, na amri ya kwanza ya kufundisha inajichagua yenyewe mbele ya kila duka la dagaa. Mukene huanikwa juani kwenye turubai, chini kabisa, usawa wa pua. Kijana anashika kipande kimoja kwenye ngumi. Mbwa analamba, anakwangua, ananung'unika. Ngumi haifunguki. Mara tu anapovuta pua nyuma, hata kwa sekunde moja, kijana anasema "acha" na kumpa kipande kingine kwa mkono wa pili. Mara ishirini asubuhi, ishirini jioni. Baada ya siku kadhaa kiganja kinafunguliwa, kisha kipande kinawekwa ardhini, kisha mbwa anapitishwa kando ya turubai lenye kilo arobaini za mukene wa mtu mwingine, bila kamba, huku mwenye mali amesimama na fimbo mkononi akitazama.