Ukienda mbuga za kaskazini, jihadhari na joto

Je, wewe na familia yako mnapanga kwenda kutembea kaskazini likizo ijayo? Ni wazo zuri. Barabara imetiwa lami kutoka Isiolo hadi Moyale, na wakazi wengi wa mjini sasa hufika Samburu, Buffalo Springs, Shaba na hata Marsabit kujionea punda milia wa Grevy, choroa, swala twiga na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya samawati. Kuwa mbali na moshi na kelele za mjini huburudisha akili, na kutembea huupa moyo nguvu.

Hata hivyo, msomaji, wengi hujiandaa kwa simba na kusahau adui aliye karibu zaidi, yaani joto.

Kwa nini joto la huko hudhuru?

Mwili wa binadamu hufanya kazi vyema ukiwa na joto la digrii 37 hivi. Joto likizidi, mwili hutoa jasho, nalo likikauka hupoza ngozi. Katika nchi kavu kama Samburu jasho hukauka upesi mno, hata hujui kwamba unatokwa na jasho. Hivyo unapoteza maji na chumvi bila kuhisi.

Isitoshe, anayetoka Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hajazoea hali hiyo. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na likizo ya wengi wetu ni siku tatu tu!

Dalili za kwanza ni kiu, kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza na mkojo kuwa wa manjano iliyokolea. Mpeleke mgonjwa kivulini, mlegezee nguo na umpe maji kidogo kidogo. Unaweza kutengeneza kinywaji chenye chumvi kwa kutia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi.

Lakini akianza kusema ovyo, kupepesuka, kutapika au kuzirai, huenda joto la mwili wake limepita digrii 40. Hapo ubongo, figo na moyo vimo hatarini, na anaweza kufa. Usingoje kufika hospitali ndipo uanze kumpoza. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na umpepee. Mwekee vitambaa baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu, huku mkitafuta gari. Asiyejitambua asinyweshwe chochote. Dawa za kupunguza homa hazisaidii hapa.

Jinsi ya kujikinga

* Tembea alfajiri na jioni. Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri kaa kivulini. Wanyama wenyewe hufanya hivyo.

* Beba angalau lita tano za maji kwa kila mtu kwa siku. Kunywa kabla hujahisi kiu. Bia haizimi kiu, bali hukuongezea mkojo.

* Vaa kofia pana na nguo za pamba zisizobana.

* Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache.

* Wazee, wajawazito na wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo wamwone daktari kabla ya safari.

* Gari likiharibika, msiliache. Kaeni kwenye kivuli chake na mgawane maji. Gari huonekana kwa urahisi kuliko mtu aliyepotea vichakani.

Nyoka na vichuguu

Vaa viatu vinavyofunika mguu na utumie tochi usiku. Aliyeumwa na nyoka avuliwe pete na bangili, asitembee, mguu au mkono ulioumwa usisogezwe, na apelekwe hospitali mara moja. Usichanje, usinyonye sumu wala usifunge kamba. Swila akikutemea sumu machoni, yaoshe kwa maji mengi.

Usipige hema karibu na vichuguu vya mchwa. Katika nyufa zake hujificha inzi wadogo sana wa mchangani, ambao hueneza ugonjwa wa kalazaa. Ugonjwa huu umewahi kuzuka Marsabit, Wajir, Isiolo na Baringo. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, ambacho pia kitakukinga na mbu wa malaria.

Dalili za kalazaa huenda zikatokea miezi miwili hadi sita baadaye, wakati umekwisha kusahau safari. Homa isiyokwisha, kukonda na tumbo kufura kwa sababu ya wengu kuvimba ni ishara za kutiliwa maanani. Usipotibiwa, ugonjwa huu huua zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, lakini dawa zake zipo.

Kwa hivyo ukipata homa baada ya kurudi, usinunue tu vidonge vya malaria dukani. Nenda hospitali upimwe, na umweleze daktari ulikokuwa na wakati uliokwenda. Huenda maneno hayo machache yakaokoa maisha yako.