Seva ya Barua Pepe ya Kanisa: Tuhesabu Gharama Kwanza

Ofisi nyingi za makanisa yetu hutumia anwani binafsi ya mchungaji au ya katibu. Siku anapohamishwa, anaondoka na barua zote: ripoti za shule, orodha za wajane na wakimbizi, hata siri za waumini walioomba ushauri. Ndiyo maana tunaona faida ya kanisa kuwa na seva yake ndogo, yaani kompyuta inayopokea na kutunza barua pepe za ofisi nzima. Lakini kama mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, tuketi kwanza tuhesabu gharama.

Mashine yenyewe si lazima iwe ghali. Kwa anwani 50, kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika, yenye memori ya GB 4, inatosha. Pesa inayobaki tununue diski mbili zinazoandika barua zilezile, ili moja ikifa nyingine ibaki, pamoja na betri, kwa sababu umeme ukikatika ghafula faili huweza kuharibika. Nakala nyingine itunzwe katika jengo tofauti, kwa ajili ya moto na wezi.

Umeme ukikosekana usiku mmoja, tusiogope. Seva ya anayetuandikia hurudia kutuma. Programu ya Postfix, isipobadilishwa, hujaribu kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mwandishi barua yake.

Kwa programu, tunashauri Debian, na juu yake Postfix ya kusafirisha barua na Dovecot ya kuwafungulia watu masanduku yao. Zote ni za bure, na mafundi wengi wanazijua.

Ugumu mkubwa uko katika kutuma. Kabla ya kununua chochote, tuulize kampuni ya intaneti: je, inatupa anwani ya IP isiyobadilika? Je, mlango namba 25, ambao seva hupitishiana barua, uko wazi? Jibu likiwa hapana, ni afadhali kukodi seva mahali pengine. Tena, tangu Februari 2024, Gmail inadai kila mtumaji athibitishwe kwa SPF au DKIM. Tusipoyaandika hayo kwenye jina letu la intaneti, barua zetu zitakataliwa au kutupwa kati ya takataka.

Mwisho, tuchague watunzaji wawili, wote wakijua neno la siri. Tukikosa hao wawili, tungoje. Seva isiyo na mtunzaji itapoteza barua nyingi kuliko mchungaji anayehamishwa.