Theluji ya Mlima Kenya

 

Juma lililopita nilikwenda kumtazama nyanya mmoja wa kanisa letu ambaye miguu yake haimruhusu tena kuja ibadani. Mlango wa nyumba yake unaelekea Mlima Kenya. Tulipokwisha kunywa chai akaniambia, "Mchungaji, nilipokuwa msichana tulikuwa tukienda mtoni alfajiri tunauona mlima umevaa nguo nyeupe. Sasa umebaki na kitambaa cha kichwa tu, nacho kimeraruka. Tumemkosea Mungu nini?"

Sikumjibu upesi. Mchungaji anayejibu upesi maswali ya wazee mara nyingi hujibu vibaya. Leo nataka kujaribu, nanyi mkinisikiliza.

Wengi wenu mwalijua jina la Johann Krapf, yule mmisionari wa Church Missionary Society aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliuona weupe wa Kilimanjaro mwaka 1848, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf mwenyewe, akiwa Kitui katika nchi ya Wakamba, aliuona Mlima Kenya kwa mbali, nao una weupe juu yake. Habari hizo zilipofika London, baadhi ya wasomi wa huko hawakusadiki. Bwana mmoja, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa ameikanyaga nchi hii, aliandika kwa ukali kuzipinga. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani! Miaka ilipita kabla wakanushaji kunyamazishwa na waliokwenda kuona kwa macho.

Mwaka 1899, Halford Mackinder alipokifikia kilele cha Batian, mlima ulikuwa na mito ya barafu ipatayo 18, yaani barafu nene isiyoyeyuka mwaka hata mwaka. Siku hizi imebaki michache, na mingine ni vipande tu. Ule mkubwa kuliko yote, uitwao Lewis, ulipoteza sehemu 9 katika kila 10 za barafu yake kati ya mwaka 1934 na 2010. Nalo Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka 2021 kwamba, mambo yakiendelea hivi, barafu ya mlima wetu yaweza kwisha katika miaka ya 2030. Basi mtoto tunayembatiza mwaka huu huenda akafika siku ya kipaimara akasimuliwa habari ya theluji ya Mlima Kenya, naye asisadiki, kama wale mabwana wa London.

Joto hili latoka wapi? Ninyi mnaolima viazi huku juu mwajua jambo moja ambalo wengine hulisoma katika vitabu. Mwezi wa Januari, usiku ukiwa mweupe, nyota zote zikionekana, mkulima halali vizuri, kwa maana alfajiri sakitu yaweza kuunguza shamba zima. Lakini mawingu yakitanda, hulala usingizi. Kwa nini? Kwa sababu ardhi iliyopata joto mchana huliachilia usiku, na mawingu hulizuia lisipotee lote juu. Sasa, katika hewa mna vitu vingine visivyoonekana ambavyo navyo huzuia joto, mchana na usiku, mwaka mzima. Kimoja ni hewa ya kaboni, ambayo Kiswahili cha siku hizi huiita hewa ukaa. Hewa hii si mbaya kwa asili yake. Mimea huishi kwayo, na kama isingekuwapo kabisa dunia ingekuwa baridi mno. Ubaya ni kuzidisha.

Tumezidisha kwa kuchoma. Makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gesi ni mabaki ya viumbe vilivyofukiwa ardhini zamani sana. Kwa miaka 200 hivi wanadamu wameyafukua na kuyachoma katika viwanda, magari, ndege na mitambo ya umeme, na huku wamekata misitu ambayo ingalinyonya sehemu ya moshi huo. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Charles Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii mwaka 1958 ilikuwa 315. Siku hizi imepita 420. Wala si habari iliyozushwa juzi: Msweden mmoja, Svante Arrhenius, alikwisha kupiga hesabu mwaka 1896 kwamba hewa hiyo ikiongezeka dunia itapata joto. Hesabu ilikuwapo mezani, ila watu waliiacha ikae.

Dunia imekwisha kuongezeka joto kwa zaidi ya digrii moja. Mtu atasema, "Digrii moja ni nini? Kati ya asubuhi na adhuhuri huongezeka digrii 10 nami sifi." Ni kweli. Lakini mwulize mama aliyemshika mtoto mwenye homa kama digrii moja au mbili ni kitu kidogo.

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi ni hili: mbona tunapata ukame na mafuriko pamoja? Kama dunia imekauka, mvua hii ya kubomoa nyumba yatoka wapi? Jibu ni kwamba hewa yenye joto hunywa maji mengi zaidi. Kwa kila digrii moja yaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvua isiponyesha, hewa hiyo yenye kiu huyanyonya maji ya shamba, ya bwawa na ya majani upesi kuliko zamani. Ikija kunyesha, huumwaga mzigo mkubwa kuliko zamani. Kiu na gharika vyatoka katika mtungi mmoja.

Tumeyaona yote mawili. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo katika nchi za kaskazini na mashariki. Nilikwenda upande wa Isiolo wakati ule pamoja na wazee wa kanisa, tukipeleka mahindi, nikaona mizoga kando ya barabara hata nikaacha kuhesabu. Katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mwaka 2023 wanasayansi walikadiria kwamba joto lililoletwa na wanadamu liliufanya ukame wa namna hiyo kuwa mwepesi wa kutokea walau mara 100 kuliko zamani. Kisha zikaja mvua za El Niño mwisho wa 2023, na masika ya 2024 yakaua watu zaidi ya 250. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yaliteremka ghafula karibu na Mai Mahiu, yakawachukua watu usingizini.

Nisije nikasema uongo madhabahuni, na redioni pia. Si kila mvua mbaya ni kazi ya moshi. El Niño ilikuwako tangu kale, na nyumba iliyojengwa katika njia ya maji itachukuliwa na maji hata katika mwaka mzuri. Hata barafu yetu haikuliwa na joto peke yake. Ukavu wa hewa nao umeipunguza. Tena msiogope kwamba barafu ikiisha mto Tana utakauka siku hiyo hiyo. Maji ya Tana hutoka hasa katika mvua na misitu ya mlima, si katika barafu. Maana yake ni kwamba mwenye kukata msitu huo anatudhuru zaidi kuliko kuyeyuka kwa Lewis.

Basi, nyanya yetu, tumemkosea Mungu nini? Katika Luka 13 Bwana wetu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, naye akawakataza wasikilizaji wake kudhani kwamba hao walikuwa wakosaji kupita wengine. Mchungaji wa ngamia wa Marsabit hakuangukiwa na ukame kwa sababu alitenda dhambi kuliko mwenye kiwanda wa Ulaya. Afrika nzima hutoa sehemu ndogo sana ya moshi huu, asilimia 4 hivi. Marekani imetoa mwingi kuliko taifa lolote tangu mwanzo, na China ndiyo inayotoa mwingi kuliko wote siku hizi. Dhambi ipo, ila waliotenda na wanaolia si watu wale wale. Ndiyo sababu mataifa yalipokutana Sharm el-Sheikh mwaka 2022, nchi maskini zilidai mfuko wa kulipa hasara, wakakubaliwa. Kutia fedha mfukoni kumekuwa polepole kuliko kutia sahihi. Na huko Paris, mwaka 2015, waliahidi kulizuia joto lisifike digrii 2, na wajitahidi lisipite moja na nusu. Dawa kubwa ndiyo hiyo: kuacha makaa ya mawe na mafuta. Kwa hili Kenya ina la kuonyesha, kwa maana umeme wetu mwingi hutoka katika mvuke wa Olkaria, uliotumika tangu 1981, katika mito, na katika upepo na jua.

Lakini nisiwalaumu wa mbali tu. Miaka 11 iliyopita tulihitaji mabati ya kanisa, nami nikatoa shauri tupande mikaratusi bondeni, karibu na chemchemi, maana hukua upesi na huuzwa kwa nguzo. Nyanya huyu huyu alisimama mkutanoni akasema miti ile hunywa. Nilimjibu kwa upole wa mtu aliyesoma chuo, nikapita. Miti ikakua vizuri mno. Ukame ulipokuja, chemchemi iliyokuwa haikauki ikabaki tope, na kina mama wakatembea hadi bonde la pili. Ukame ulikuwa wa dunia, walakini miti ilikuwa yangu.

Juzi nilimwomba radhi. Akacheka, akauliza nitaikata lini.

Tutaikata Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, kabla ya mvua, na visiki tuving'oe visichipuke. Mahali pake tutapanda mikuyu na mianzi, na kuchimba mitaro ya kuzuia maji yasikimbie na udongo. Watu wa hapa kwetu mnaonisikia, njooni saa mbili asubuhi na panga, msumeno na jembe. Chama cha akina mama kimeahidi uji. Kwaherini.